Mahali pa Kutua Debe

Vijana wa karakana mmenipa daftari la kurasa mia mbili niandike nilivyofanya kazi. Kurasa mia na tisini mtarudishiwa. Miaka yangu mingi ilikuwa ya kufukua mabomba na kuyafukia, na hayo mnayafanya wenyewe kila siku, hamna haja ya kuyasoma. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja vilipotaka vyenyewe. Nitaandika miaka ya kwanza tu, ile ya mwisho wa hamsini mpaka tulipopata uhuru. Ndiyo iliyonifundisha kutazama, na ndiyo iliyonionyesha kwamba macho yangu, ambayo mmezoea kuyasifu, yana mahali yanapokoma.

Nilianza kazi ya idara ya maji Changamwe. Nilikuwa kijana wa Rabai mwenye mwiko mpya na cheti cha uashi nilichokikunja mara nne mfukoni, nikingoja mtu akiulize. Hakuna aliyekiuliza. Mkuu wa waashi alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa Mvita hasa, mfupi, mwenye kofia nyeupe isiyopata hata tone la chokaa, na sijui alifanyaje. Alichukua mwiko wangu akautia ndani ya sanduku lake, akalifunga. Kisha akanipeleka kwenye nyumba za wafanyakazi akanikalisha juu ya jiwe, mbele ya mfereji wa maji, yaani bomba la kuchotea.

"Kaa kitako utazame," akasema.

"Nitazame nini, mzee?"

"Ungalijua la kutazama, singalikuleta."

Akaniacha hapo na jua langu. Niliwatazama watu wakichota maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kwa saa mbili za mwanzo sikuona kitu isipokuwa maji. Halafu nikaona kwamba kila aliyekuja na debe alilitumbukiza kwenye shimo chini ya mfereji, na kila aliyelitoa alilitoa limejaa tope ubavuni, akalifuta kwa mkono, akajifuta mkono kwenye nguo. Mzee Mbwana aliporudi nilimwambia nimeona shimo.

"Nani alolichimba?"

"Sijui. Si fundi."

"Ni wao. Fundi alopiga mfereji huu aliuweka futi moja toka chini. Debe ni refu kuliko futi moja. Yeye alipima bomba, hakupima debe. Basi watu wamechimba kumaliza kazi alomwachia Mungu."

Siku ya pili alinirudishia mwiko wangu.

Mzee Mbwana alikuwa na vyombo vyote vya kazi, timazi, pima maji, futi ya chuma, na vyote alivitunza. Lakini chombo alichokiamini kilikuwa kamba ya katani yenye mafundo. Fundo la kwanza lilikuwa kimo cha ngazi ambayo mzee hupanda bila kushika goti. La pili, kimo cha debe. La tatu, kiti. La nne, juu kabisa, hakuniambia ni la nini, nami sikuuliza. Futi ya chuma aliiheshimu ila alisema haijawahi kuumwa na mgongo.

Ugonjwa ule wa kutazama ulinishika na haujaniacha mpaka leo. Kisauni palikuwa na zahanati ambayo mlango wake ulifunguka kwa nje, kwenye foleni, basi kila mgonjwa aliyetoka alimsukuma mgonjwa aliyengoja. Hukohuko Kisauni palikuwa na duka dogo ambalo mtu alipigilia msumari ubavuni mwa meza, chini kidogo, pale hasa mkono unapoanguka, na kila mama aliyeingia alitundika kikapu chake pale bila kutazama, akapata mkono wa kumshikia mtoto. Nilimuuliza mwenye duka ni nani aliyeupigilia. Alinitazama, akautazama msumari, akasema, "Kumbe hapa pana msumari?"

Ubaya wa tabia hii ni kwamba huna wa kumwambia. Nilijaribu kumweleza kijana niliyepanga naye chumba Changamwe habari za mlango wa zahanati, akaniuliza kama nimekula.

Baada ya mwaka mmoja na kitu nilipelekwa Likoni, niangalie mifereji ya upande ule peke yangu. Nilipanga chumba mtaa wa Shika Adabu kwa Bi Mwanakombo, mjane wa kama miaka sitini, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na maneno machache. Watoto wake walikuwa Tanga. Mimi sikuwa na mke, na mama yangu alikuwa amefariki mwaka ule niliopata kazi. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na watu wawili. Kila asubuhi Bi Mwanakombo alinipa chai ya maziwa na kipande cha muhogo, nami nilimwambia shikamoo, naye akaniambia marahaba mwanangu, na kwa siku nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu yote mpaka jioni.

Sitawalaumu watu wa Likoni. Salamu walinipa, tena salamu kamili, za kuuliza nyumbani na kazini na afya. Lakini salamu zilipokwisha kila mtu alikwenda zake. Mimi nilikuwa mtu wa kuja, Mkristo, Mrabai, mwenye kazi ya serikali. Jumapili nilivuka kivuko kwenda kanisani, nikarudi. Siku nyingine nilivuka nikarudi bila sababu yoyote, ili tu nisimame katikati ya watu.

Mfereji wa mtaa wetu ulikuwa uwanjani, chini ya mti mkubwa wa mkungu. Asubuhi moja nilimwona Bi Mwanakombo amesimama pale kando ya debe lililojaa. Alisimama muda mrefu. Nyinyi mnaofungua maji jikoni huenda hamjui: debe la maji mtu hawezi kulinyanyua toka chini mpaka kichwani peke yake bila kujimwagia. Sharti apatikane mwingine wa kumtwika. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kwenda, na yeye alingoja. Nilikwenda kumsaidia.

"La, mwanangu, usijitaabishe," akasema, akasogea mbele ya debe. "Atakuja mtu."

Nikaelewa kwamba mwanamume hamtwiki mwanamke hadharani, nami nikaondoka. Nilipogeuka mwisho wa njia alikuwa bado amesimama.

Siku hiyohiyo nikaamua kujenga mahali pa kutua debe. Hesabu yangu ilikuwa hii: mtu akiwa na kituo cha katikati, atanyanyua kwanza mpaka pale, apumue, kisha anyanyue mara ya pili mpaka kichwani. Mzee Mbwana alinipa ruhusa na simiti, na akanitumia maneno kwamba nikae nitazame siku tatu kabla sijagusa jiwe. Nilikaa asubuhi moja. Nilikuwa na hakika, na mwenye hakika huona kutazama ni uvivu.

Nikajenga. Sijapata tena kujenga kitu kwa furaha ile. Kilikuwa na urefu wa hatua tano, upana wa mkono mmoja, kimo cha kunifika juu ya goti kidogo, nacho nikakipaka simiti laini mpaka kikang'aa, na pembe nikaziviringa zisimkwaruze mtu. Nilichimba na mtaro wa kupeleka maji mbali. Siku mbili wanawake wakakitumia, nami nikapita pale mara nyingi kuliko kazi ilivyonihitaji.

Siku ya tatu, alasiri, kivuli cha mkungu kiliangukia pale pote, na Bakari akakaa.

Bakari alikuwa fundi wa kushona, mtu wa maneno na vicheko, duka lake hatua hamsini toka mferejini. Alikaa kujaribu tu. Siku ya nne alikuja na wenzake wawili. Juma la pili wakaja na bao, na muuza kahawa akabadilisha njia yake. Wazee waliokwisha kuacha kazi wakawa wanakaa tangu asubuhi. Mimi napita na spana yangu begani, nikasikia naitwa.

"Fundi Eliya! Wenda wapi na hiki ni chako? Njoo ukae."

Nikakaa. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimekaa Likoni zaidi ya mwaka na hakuna aliyeniambia kaa. Walinisogelea, wakanipa kikombe cha kahawa, wakaniuliza habari za Rabai, wakanicheka kwa namna ninavyocheza bao, wakanifundisha. Wakapaita pale baraza la Fundi Eliya. Kila siku saa kumi nilitoka kazini na miguu ikanipeleka yenyewe. Siku hizo watu walizungumza siasa sana, wengine wakiutaka Mwambao uwe peke yake na wengine wakiutaka uwe na Kenya nzima, na mimi wa kutoka bara kidogo nilinyamaza, lakini Bakari alisema, "Mwacheni fundi, yeye wake ni Mwambao wa maji," wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo waziwazi kwa sababu sikulitumia mara nyingi baadaye.

Uwanja wa mfereji ukawa mkavu siku hizo. Palipokuwa na matope pakawa mchanga mweupe. Nikajisifu moyoni kwamba mtaro wangu unafanya kazi nzuri.

Wakati huohuo chai ya Bi Mwanakombo ikaanza kuwa na chumvi.

Siku ya kwanza nilidhani ni mate yangu. Siku ya tatu nikasema, "Bibi, chai ya leo..."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Nzuri."

Nikamwonea huruma. Nilijiambia bibi wa watu macho yamechoka, anachanganya chumvi na sukari. Makopo yake mawili yalikaa bega kwa bega juu ya kibao cha jikoni, na hayo nayo, nikasema, ni matengenezo mabaya. Alipotoka nikalihamisha kopo la chumvi juu, mbali na la sukari. Jioni nililikuta limerudi mahali pake. Nikalihamisha tena. Likarudi. Hakuniuliza, sikumwambia, na chai ikaendelea kuwa ya chumvi.

Basi asubuhi moja nilikwenda kukagua valvu upande wa pwani, nikamkuta kwenye njia itokayo kisima cha chini. Ni mbali, na njia ni ya mawe. Alikuwa amebeba nusu debe mkononi, ubavu mmoja umelala, kanga imelowa mpaka kiunoni. Akaliweka chini aliponiona.

"Shikamoo bibi. Mferejini maji yamekatika?"

"Marahaba. Hayajakatika."

"Sasa kisimani kwafuatwa nini? Maji ya huku ni ya chumvi."

Nilipolitamka neno hilo mwenyewe nikalisikia.

"Mwanangu, wewe ndiwe fundi wa maji, waniuliza mimi?" Akakamua pindo la kanga yake. "Mferejini pamekaa wanaume. Mwanamke atainamaje pale, nguo imemganda maungoni, na mbele yake mumewe, na shemejiye, na mkwewe? Hata mimi na uzee huu. Bakari yule ameoa binti wa dada yangu. Ni mkwe wangu yule. Wallahi, nikimwona pale hurudi na debe tupu."

"Wanawake wote?"

"Wenye watoto wa kutuma hutuma watoto. Wengine ndio hawa wanipitao njiani."

Nikakumbuka mchanga mweupe wa uwanjani. Miezi miwili nilikaa pale kila siku, mimi wa kusifiwa macho, nikitazama uwanja uliokauka kwa sababu hakuna aliyechota.

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ningalisemaje? Nilikuona umepata watu wa kukaa nao." Akainama kuchukua debe lake. "Na usiseme ni mimi. Wakisikia hivyo watasema wake zao wamewashtaki kwa mpangaji, na majumbani patakuwa na maneno."

Mngependa niandike kwamba siku hiyohiyo nilichukua nyundo. Sikuchukua. Juma zima asubuhi nilikunywa chai ya chumvi, na alasiri nikaenda kukaa barazani na kunywa kahawa, nikicheka panapochekwa. Nilijua kwamba kikivunjwa kile, nami nimekwisha. Siku ya nane Bi Mwanakombo alipoweka kikombe mezani niliona kidole gumba cha mguu wake kimefungwa kitambaa. Alikuwa amejikwaa njiani. Nikaacha chai pale, nikavuka kwenda Changamwe kwa Mzee Mbwana.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitazama siku ngapi kabla hujajenga?"

"Asubuhi moja."

"Alasiri hukukaa."

"Sikukaa, mzee."

Akatoa kamba yake. Akanionyesha fundo la tatu. "Hiki ni kiti. Wewe umejenga kiti chini ya kivuli, wataka wasikikalie?" Kisha akashika fundo la juu kabisa, lile asilowahi kunitajia, akalisugua kwa kidole. "Hili ni bega la marehemu mke wangu, Mungu amrehemu. Yeye alichota maji mpaka alipougua. Jenga mpaka hapa, pawe pembamba, pawe na mteremko mdogo wa kutoa maji. Na mfereji wako upandishe juu yake, debe lijae lilipo. Asilinyanyue kabisa. Alijaze, ageuke, akunje magoti kidogo, alivute kichwani, aende zake."

Ilikuwa dhahiri namna hiyo. Nilikuwa nimehangaika na jinsi ya kulinyanyua debe, na mwenzangu hakutaka linyanyuliwe.

Nikaichukua kamba, na neno likanitoka bila kulipanga. "Na mimi, mzee, nitakaa wapi?"

"Hilo sina fundo lake," akasema.

Nilianza kuvunja saa saba mchana, wakati barazani hakuna mtu, hata wazee wamekwenda kula. Simiti yangu ilikuwa nzuri mno, nyundo ilikuwa ikirudi. Nilikuwa nimefika nusu Bakari alipokuja, na bao liko kwenye vumbi pale walipolisahau jana.

"Fundi Eliya, kulikoni?"

"Nabomoa."

"Naona wabomoa. Nauliza kulikoni."

"Nilikosea kipimo."

"Miezi miwili tumekalia, leo ndiyo kipimo kimekosewa?"

"Ndiyo."

"Nani kakutuma? Sema tu. Kama ni wakubwa wako, twende sote tukawaone, Likoni nzima."

"Hakuna aliyenituma, Bakari."

Alingoja niseme zaidi. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, na lile sikuruhusiwa. Akaliokota bao, akalipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu yake, taratibu, shimo moja moja.

"Basi ungalisema umetuchoka," akasema, akaenda zake.

Nilijenga upya siku tatu. Kilikuwa kitu kisicho na sura, nguzo nene mbili na bamba la upana wa debe juu yake, kimo cha bega, na mfereji ukiinama juu. Upande wa pili niliweka mfereji mdogo wa chini kwa ajili ya watoto, wenye ukingo wa mteremko mkali ambao hata paka hakuukalia. Siku ya nne asubuhi Bi Mwanakombo aliweka chai mezani, nikainywa. Ilikuwa chai. Nilikunywa vikombe vitatu na machozi yakinilenga, nikasingizia moshi wa jiko.

Nilimwona akikitumia mara ya kwanza. Alijaza, akageuka, akakunja magoti, akalivuta debe likakaa sawa juu ya kata yake ya kichwani, akaenda. Hakunitazama, wala hakupunguza mwendo. Uwanja ukarudi kuwa na matope na kelele za wanawake. Mwaka mmoja baadaye bi arusi mgeni aliuliza ni nani aliyejenga, nikasikia akijibiwa, "Hicho kipo tangu zamani."

Wanaume walihamia mbele ya duka la Bakari, kwenye ubao mrefu uliowekwa juu ya mawe. Njia yangu ya kutoka kazini ilipita pale, hapakuwa na nyingine. Kila siku saa kumi nilipita, na kila siku Bakari, bila kuinua uso toka kwenye cherehani yake, alisema, "Karibu, fundi."

"Starehe," nami nikajibu, nikapita.

Mnajua wenyewe desturi. Mpita njia huambiwa karibu hata na asiyetaka kumwona, naye hujibu starehe, na kila mmoja amemaliza haki ya mwenzake. Kwetu Rabai mtu akitaka ukae hukushika mkono. Nilijua hii ni adabu tu, wala sikuwalaumu. Niliona pia, kwa mazoea ya kazi, kwamba ubao ule ulikuwa wa watu sita na wao walikuwa watano, lakini walibanana upande mmoja, bega kwa bega, na mwisho wa ubao karibu na mlango ukabaki wazi. Nilikata shauri kwamba jua la alasiri lapenya pale. Nikafikiria kumshauri Bakari arefushe kipenu chake hatua moja. Sikumshauri.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka miwili na zaidi. Karibu, fundi. Starehe. Siku ya sherehe za uhuru watu walipita uwanjani na bendera ndogo za karatasi, wakiimba, na mimi nilikuwa nimeinama mferejini nikizibua mtaro, maana wageni walikuwa wengi na maji yalitumika sana. Bakari na wenzake walipita wakanipungia mkono. Niliwapungia spana. Usiku wake sikutoka.

Kamba ya Mzee Mbwana iko stoo, kwenye msumari nyuma ya mlango, kimo ambacho mkono huanguka wenyewe. Aliniachia yeye alipofariki. Itumieni. Mkipelekwa mahali, kaeni siku tatu, na alasiri pia. Na mkiona uwanja wa mfereji umekauka msijisifu mtaro, ulizeni watu wamekwenda wapi. Mafundo manne mnayajua sasa. La tano, lile dogo karibu na mwisho, nimelifunga mimi, na ni kimo cha ubao wa Bakari. Nitawaambia kwa nini.

Miezi michache baada ya uhuru nilihamishiwa Kisauni. Lori la idara lilikuja kuchukua kitanda changu na sanduku. Bi Mwanakombo alinifungia muhogo ndani ya kitambaa, akaniambia, "Nenda kwa salama, mwanangu," na alipokwisha kusema hivyo akaingia ndani upesi. Dereva akasimama mbele ya duka la Bakari kwa sababu njia ilikuwa na punda. Nikateremka kuaga. Ubaoni palikuwa na Bakari peke yake, wenzake hawajaja bado.

"Nasikia wahama."

"Nahama leo."

Akakata uzi kwa meno. "Mke wangu aliniambia," akasema.

"Alikwambia nini?"

"Habari ya mfereji. Kwamba wanawake walikuwa wakienda kisimani kwa sababu yetu. Na khaloye, Bi Mwanakombo, na mguu wake."

"Alikwambia lini?"

"Zamani. Mwezi uleule ulipobomoa."

Punda alikuwa bado njiani, na dereva alikuwa akimtukana.

"Mbona hukuniambia, Bakari?"

"Niliona haya. Nilikutolea maneno mbele ya kazi yako." Akakunja kitambaa alichokuwa akishona, akakikunjua tena. "Lakini tulikuwekea mahali, fundi. Kila siku tukibanana, tukisema leo atakaa. Nawe kila siku starehe, starehe. Mwisho tukasema, huyu ametuchoka kweli."

Nikatazama mwisho wa ubao, karibu na mlango.

"Nilidhani ni jua," nikamwambia.

"Jua gani?"

Dereva akapiga honi. Bakari akasogea, ingawa palikuwa na nafasi tele na yeye alikuwa peke yake. "Karibu," akasema.

Nikakaa. Ilikuwa saa kumi alasiri, saa ileile niliyozoea kupita, na pale mwisho wa ubao palikuwa na kivuli.